Valvu za tyubu ya baiskeli: maswali ninayoulizwa kijiweni Moshi

Kijiwe changu kiko Moshi, upande wa Mbuyuni: benchi moja, beseni la maji, pampu mbili na mti wa kivuli. Wanaokuja ni wa kila namna. Yuko mzee anayepandisha majani ya ng'ombe kutoka tambarare kwenda Kibosho. Yuko mwanafunzi aliyeletewa baiskeli ya mtumba na mjomba wake wa Arusha. Wako na vijana wa mazoezi wanaopita alfajiri wamevaa nguo za kubana. Wote wakipata pancha huja na neno moja tu, "tyubu". Nikiwauliza "valvu gani?" hunitazama kana kwamba nimeuliza tairi lao ni kabila gani.

Basi nimeyaandika hapa maswali yanayojirudia, pamoja na majibu ninayoyatoa nikiwa na mikono michafu. Anayetaka jibu la haraka aruke hadi swali la tatu.

Valvu ziko za aina ngapi?

Utakazokutana nazo Moshi na Arusha ni tatu.

Ya kwanza ni Schrader, ambayo wengi huiita valvu ya gari kwa sababu ndiyo hiyo hiyo ya gari na pikipiki. Shingo yake ni nene, kama milimita 8 hivi, na ndani mna kiini chenye springi na kisindano katikati. Ukibonyeza kisindano, upepo unatoka. Ukiachia, springi inafunga.

Ya pili ni Presta, nyembamba na ndefu, shingo ya milimita 6. Juu yake kuna kinati kidogo mno, na lazima ukifungue kwanza ndipo upepo uingie. Haina springi. Presha ya ndani ya tyubu ndiyo inayoisukuma ijifunge.

Ya tatu ndiyo mkongwe wetu. Kitaalamu inaitwa Dunlop au Woods, mimi naiita valvu ya kipira, na wazee wanaijua tu kama valvu ya Phoenix. Chini ni nene, juu imepungua, na kiini chake kimebanwa na nati ya duara unayoifungua kwa vidole. Ukikichomoa unaona bomba dogo lenye tundu ubavuni, limevishwa kipira laini kama soksi. Upepo wa pampu hutokea kwenye hilo tundu, ukainua kipira na kupita. Ukiacha kupampu, presha ya ndani inakibana kipira kwenye tundu na njia inafungwa. Hakuna springi wala kisindano. Kwangu ni ufundi wa akili sana kwa kitu cha bei ndogo namna ile.

Nitajuaje ya kwangu ni ipi?

Toa kifuniko uangalie. Kama ni nene na inafanana na ya bodaboda, ni Schrader. Ukiona kinati kidogo ncha ya juu, kwenye shingo iliyo nyembamba kama kalamu, hiyo ni Presta. Ukiona nati ya duara katikati ya shingo na kichwa kilichopungua, una ya kipira.

Baiskeli yenyewe nayo hutoa dalili. Phoenix na Hero, zile nyeusi za mizigo za inchi 28, kwa asili huja na valvu ya kipira. Za mtumba kutoka Japani, zenye kikapu mbele na stendi ya miguu miwili, huja nayo vilevile, na za Uholanzi pia. Baiskeli za milimani na za watoto nyingi zina Schrader. Za mashindano zenye tairi jembamba zina Presta karibu zote. Lakini usiapize kwa dalili. Baiskeli ya mtumba imeshapita mikono mingi kabla ya kufika kwako, na nimeshaona moja yenye Presta mbele na Schrader nyuma.

Sasa nichague ipi?

Kama rimu yako inakubali zote, chukua Schrader. Sina sababu ya kitaalamu. Sababu yangu ni ya barabarani: ukipata shida Kikatiti, Boma Ng'ombe au Himo, pampu utakayoipata ni ya fundi wa bodaboda au ya sheli, na zote hizo zinashika Schrader. Hata kiini chake ni kilekile cha pikipiki, kwa hiyo kikiharibika unapata kingine popote penye fundi wa pancha.

Lakini wengi hukosea hapo pa "kama rimu inakubali". Valvu huchaguliwa na tundu la rimu kwanza, mwenye baiskeli baadaye. Tundu la Schrader na la valvu ya kipira ni karibu sawa, milimita 8 na nusu hivi, ndiyo maana hizo mbili zinabadilishana bila taabu. Tundu la Presta ni kama milimita 6 na nusu. Schrader haipiti humo hata ukiisomea dua.

Kwa hiyo mwenye Phoenix anaweza kuhamia Schrader leo hii bila kutoboa chochote. Mwenye rimu ya mashindano abaki na Presta yake, anunue adapta ya kuijazia kwa pampu za Schrader, na awe na akiba ya tyubu nyumbani, kwa sababu duka la kawaida la vipuri vya baiskeli huku kwetu mara nyingi halina.

Fundi mmoja ameniambia atoboe rimu ili Schrader iingie. Nimkubalie?

Inategemea rimu, na hapa nina dhambi ya kuungama.

Miaka yangu ya kwanza ya kazi, kaka mmoja aliniletea baiskeli nyembamba ya mashindano aliyoinunua mnadani. Tyubu ya Presta hatukuipata siku hiyo, na alikuwa na haraka. Nikachukua drili, nikapanua tundu kutoka sita na nusu hadi nane na nusu. Nilidhani ni jambo la dakika mbili, na kweli lilikuwa la dakika mbili. Tyubu ikaingia, upepo ukajaa, kaka akalipa. Kesho yake akarudi. Tairi lilikuwa limevimba mahali pamoja, na kila gurudumu likizunguka baiskeli inaruka kama imekanyaga jiwe. Kitako cha Schrader ni kipana, na ndani ya rimu nyembamba kinainua ukingo wa tairi, haukai kwenye mfereji wake. Wiki chache baadaye rimu ilipata ufa, ukianzia kwenye lile tundu langu. Nilimlipa. Sikuwa na uso wa kubishana.

Kwenye rimu pana ya baiskeli ya milimani mambo ni tofauti. Nyama ipo ya kutosha na kitako kinapata nafasi. Hapo kutoboa kunawezekana, mradi baada ya drili kingo zisuguliwe kwa tupa na msasa, ndani na nje, mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa. Tundu lenye meno linakata shingo ya tyubu taratibu, na utalaumu tyubu wakati mkosaji ni drili. Ila ujue hakuna kurudi nyuma: rimu iliyopanuliwa haipungui tena. Kwa rimu nyembamba jibu langu ni hapana, hata ukija na mzee wa kukuombea.

Kinyume chake: tundu ni kubwa, nina tyubu ya Presta tu. Inafaa?

Inafaa, ukiweka kitu cha kujaza nafasi. Kuna pete za mpira na za plastiki zinazotengenezwa kwa kazi hiyo. Ukikosa, kata kipande cha tyubu ya zamani chenye ukubwa wa sarafu, kitoboe katikati, kivishe kwenye shingo ya valvu upande wa ndani, na ukiweza weka viwili au vitatu. Usiiache ikicheza. Tyubu ikijaa upepo inajisukumia kwenye ile nafasi iliyobaki, inatokeza kama kipovu, na inapasukia palepale shingoni ambapo kiraka hakishiki.

Valvu yangu ya kipira inatoa upepo kila usiku lakini tyubu haina tundu. Kwa nini?

Hili ndilo swali la kwanza kwa wingi, na kwa bahati nzuri ndilo dogo kuliko yote.

Kwanza hakikisha ni valvu. Jaza upepo, weka mate kwenye kidole, paka juu ya valvu, subiri. Pakitokea povu linalokua polepole, umempata mwizi. Nimeona watu wakinunua tyubu mpya kwa sababu ya kipira kilichochoka, na si kosa lao peke yao, kwani kuna mafundi wanaoona faida kuuza tyubu kuliko kipira.

Kipira huchoka. Jua linakikausha, kinapata nyufa, kinalegea, na mwisho kinanata kwenye chuma kama ubani uliotafunwa. Fungua nati ya duara, chomoa kiini, vua kipira cha zamani na usafishe bomba lake. Kipya kinauzwa kwa kipande kirefu. Kata chako kiweze kufunika lile tundu la ubavuni na kufika hadi kwenye mabega ya kiini, maana sehemu hiyo ya juu ndiyo inayoziba mdomo wa shingo. Kikiwa kifupi kitafunika tundu lakini upepo utapita pembeni. Kulainisha wakati wa kukivisha tumia mate au maji. Usitumie oili wala grisi, kwa sababu mpira wa aina hiyo huvimba na kuoza ukiguswa na mafuta. Rudisha kiini, kaza nati kwa vidole, jaza.

Fanya hivyo mara moja kwa mwaka kabla hakijakulaza njiani. Mzee mmoja wa Rau ana desturi ya kubadilisha kila mvua za masika zikianza. Simkumbuki akija kijiweni kwa sababu ya valvu.

Viko pia viini vya kisasa vya valvu hii visivyo na soksi ndefu ya mpira. Vinapitisha upepo kirahisi zaidi na vinaingia kwenye shingo ileile. Ukiviona, nunua viwili.

Kwa nini ya kipira ni ngumu kupampu?

Kwa sababu kila msukumo wa pampu lazima kwanza uinue kipira kilichobana chuma. Si ugonjwa wako wa kifua. Kipira kipya kinabana zaidi, kikizoea kinalegea kidogo. Ubaya mwingine ni kwamba geji haikupi kipimo cha kweli, kwa kuwa upepo wa ndani haurudi nje kuusukuma mshale. Unachosoma ni nguvu ya mkono wako ukichanganya na ubishi wa kipira. Wenye Phoenix wanapima kwa kidole gumba, na kwa tairi pana la mzigo kidole kilichozoea kinatosha.

Nina Presta. Pampu inagoma, upepo hauingii.

Umefungua kinati? Usicheke. Nusu ya wanaoniletea Presta "iliyoharibika" hawajakifungua. Kizungushe kinyume na saa hadi kifike juu, haking'oki. Kisha kibonyeze kidogo kwa kidole usikie "tss". Mara nyingine kinakuwa kimenata, hasa kama baiskeli ilikaa muda mrefu, na hako kabonyezo kanakifungua. Baada ya hapo weka kichwa cha pampu kikiwa kimenyooka, jaza, toa bila kukiyumbisha, kaza kinati tena.

Kuyumbisha ndiko kunakovunja. Kisindano cha Presta ni chembamba na pampu ya mkono isiyo na mpira wa kunyumbuka inakivuta huku na huku kila ukisukuma. Shika kichwa cha pampu na shingo ya valvu pamoja kwa mkono mmoja, vidole vikipita katikati ya spoku, mkono wa pili ndio usukume. Kikipinda kidogo kinaweza kunyooshwa. Kikivunjika, tazama kama kiini kina bapa mbili pembeni za kushikia spana ndogo: hicho kinafunguka na kubadilishwa. Kama hakina, tyubu nzima imekwenda.

Naweza kujaza Presta au ya kipira sheli?

Presta, ndiyo, ukiwa na adapta. Ni kifaa cha shaba kidogo kuliko kifundo cha kidole. Unafungua kinati cha Presta, unakizungusha kifaa juu yake, na sasa kichwa cha sheli kinaona Schrader. Kinagharimu kidogo na hupotea haraka, kwa hiyo kifunge kwenye funguo zako. Mimi nimepoteza vitatu.

Zipo adapta za ya kipira pia. Na jambo ambalo wengi hawalijui: kichwa cha pampu kinachoshika Presta kwa kawaida kinashika na ya kipira, kwa sababu vichwa vyao vya juu vinakaribiana unene.

Kuna hatari gani kujaza kwa kompresa?

Ipo, na ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kompresa imetengenezwa kwa ajili ya tairi la lori. Tairi la baiskeli lina nafasi ndogo sana ndani, na mlipuko mmoja wa upepo unalijaza kupita kiasi kabla hujamaliza kusema "basi". Tairi linaruka nje ya rimu, tyubu inapasuka kwa kishindo, na siku hiyo kila mtu wa stendi atajua jina lako. Jaza kwa kugusa na kuachia, kugusa na kuachia, huku mkono mwingine ukikandamiza tairi. Kabla ya hapo zungusha gurudumu uone kama ukingo wa tairi umekaa sawa pande zote na tyubu haijachungulia nje.

Nijaze PSI ngapi?

Soma ubavuni mwa tairi. Imeandikwa pale, mara nyingi kama kiwango cha chini na cha juu, kwa PSI au bar, ambavyo ni vipimo vya presha (bar 1 ni PSI 14.5). Kwa kukadiria tu, tairi pana la milimani huwa kati ya PSI 30 na 50, Phoenix yenye 28 x 1½ hutaka kama 45 hadi 60, na tairi jembamba la mashindano la milimita 25 hupanda hadi 80 au 100 kutegemea uzito wako. Anayebeba magunia aongeze nyuma, asivuke kiwango cha juu.

Nikishuka kutoka Arusha kuja Moshi upepo unabadilika?

Kijana mmoja wa Njiro aliniuliza hili kwa dhati, akiamini tairi litapasuka. Hesabu yake ni nyepesi. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na Moshi haifiki 1,000. Ukishuka, hewa ya nje inakuwa nzito kidogo, kwa hiyo geji itasoma pungufu, lakini tofauti yenyewe haifiki hata PSI 1. Huwezi kuihisi.

Kinachohisika ni joto. Arusha asubuhi ni baridi, Moshi mchana ni tanuri. Tairi la PSI 50 likipata joto zaidi kwa nyuzi 10 hupanda kwa kama PSI 2. Bado si la kupasuka, labda uwe umelijaza hadi ukomo na kuliegesha juani. Baiskeli iegeshe kivulini, kwa faida ya valvu ya kipira na ya makalio yako.

Ni kweli Presta inabeba upepo mwingi kuliko Schrader?

Si kweli. Malori hutumia valvu za ukoo wa Schrader na presha yake inapita ya baiskeli nyingi. Presta ipo kwa sababu rimu nyembamba inataka tundu dogo lisiidhoofishe, na kwa sababu bila springi ya kupigana nayo ni rahisi kujaza kwa pampu ya mkono hadi presha za juu. Wanaosema ni ya "wataalamu" wanazungumzia mavazi.

Valvu gani inazuia miiba?

Hakuna. Mbigiri wa kando ya barabara ya TPC hauulizi una valvu gani, na mwiba wa mgunga ukikuingia huko tambarare ya Umasaini umeingia. Hapo ni suala la tairi nene, utepe wa kukinga, au dawa ya kuziba pancha.

Dawa hiyo ndiyo inayoirudisha valvu kwenye mazungumzo, kwa sababu unaitia kupitia shingo ya valvu baada ya kutoa kiini. Schrader kiini kinatoka kwa kifaa kidogo chenye pembe mbili, fundi yeyote wa pikipiki anacho. Presta inatoka kama ni ile yenye bapa mbili. Ukiwa unajaza upepo baadaye, weka valvu juu, si chini, la sivyo dawa inakusanyika hapo na kuganda kwenye kiini. Dawa ndani ya valvu ya kipira sijawahi kuona ikimfaa mtu.

Tundu limetokea shingoni mwa valvu. Kuna kiraka?

Kiraka hakikai hapo, pana kona na unene. Tupa tyubu (au ikate mipira ya kufungia mizigo), kisha tafuta sababu kabla ya kuweka mpya, maana mpya itakufa vilevile. Angalia valvu ilikuwa imesimama au imelala. Ukiendesha na upepo mdogo, tairi hutambaa juu ya rimu, tyubu inafuata, shingo inabaki imenaswa kwenye tundu na kuinama. Hiyo inachanika polepole. Ukiona valvu yako imeanza kuinama, toa upepo wote, sogeza tairi na tyubu mpaka isimame wima, jaza upya. Kama ilikuwa imesimama vizuri, pitisha kidole kwenye tundu la rimu utafute meno. Na utepe wa rimu uwe umekaa: spoku zikiwa wazi zitatoboa upande wa ndani, na utadhani ni valvu.

Nati ya shingoni ikazwe kiasi gani?

Kwa vidole viwili. Usiguse koleo. Kazi yake ni kuizuia valvu isizame ndani unapoweka pampu. Ukiikaza kwa koleo inaivuta shingo kutoka kwenye mpira wake. Baada ya tairi kujaa, unaweza hata kuilegeza kidogo.

Kifuniko kina umuhimu?

Kwa Schrader na vumbi letu, ndiyo. Vumbi la njia ya Uru likiingia kwenye springi linaleta uvujaji wa taratibu. Kwa Presta si lazima, inajifunga yenyewe, ila kinazuia ncha isiitoboe tyubu ya akiba ikiwa imekunjwa mfukoni.

Tyubu imeandikwa 26. Si zote ni 26?

Hapana! Baiskeli ya Kijapani ya 26 x 1⅜ na ya milimani ya 26 x 1.95 zina rimu tofauti kabisa: ya kwanza ina kipenyo cha milimita 590 mahali tairi linapokaa, ya pili 559. Tairi la moja haliingii kwenye nyingine. Tyubu inavutika, inasamehe kidogo, lakini ukinunua sema namba yote. Na sema urefu wa valvu kama rimu yako ina tumbo nene: milimita 35 inatosha rimu ya kawaida, rimu zenye kina zinataka 48, 60 au zaidi. Nimemwona mtu amefunga tyubu vizuri kabisa, kisha akagundua valvu imechungulia kwa urefu wa punje ya mchele.

Majina haya yametoka wapi?

John Boyd Dunlop, Mskoti aliyeishi Belfast, alipata hataza ya tairi la upepo mwaka 1888 baada ya kulijaribu kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Valvu ya kipira ilikuja baada yake kidogo, ni kazi ya mtu mwingine aitwaye Woods, mwaka 1891, lakini jina la Dunlop ndilo lililong'ang'ania. Schrader ni jina la familia ya August Schrader, Mjerumani aliyehamia New York. Presta ilitoka Ufaransa kwa Étienne Sclaverand, na Wajerumani mpaka leo wanaiita kwa jina lake. Zote tatu ni za muongo uleule, miaka zaidi ya 120 iliyopita, na bado tunabishana.

Nikienda safari ya Arusha hadi Moshi nibebe nini?

Ni kilomita 80 hivi na lami muda wote. Beba tyubu moja ya akiba yenye valvu ileile iliyo kwenye rimu yako, na ijaribu kuipitisha kwenye tundu ukiwa nyumbani. Kuna dada aliyeanza safari kutoka Usa River na tyubu mpya kabisa ya Schrader mkobani, rimu yake ni ya Presta. Pancha ilimkuta mbele ya njia ya uwanja wa ndege wa KIA. Akawa na tyubu na pampu, viraka hana, na jua la saa saba. Alifika kwangu jioni, baiskeli ikiwa juu ya Noah, tyubu mpya bado imefungwa kwenye karatasi yake. Tuliishia kuziba ile ya zamani.

Kwa hiyo ongeza viraka, msasa na solusheni. Mwenye Presta aongeze adapta, mwenye ya kipira aongeze kipande cha kipira kwenye pochi, hakina uzito. Na pampu yako ijaribu kwenye valvu yako kabla hujatoka. Zile ndogo za kufunga kwenye fremu nyingi zina kichwa cha kugeuza: kipande cha mpira na cha plastiki ndani vinageuzwa kichwa chini ili kibadilike kutoka Schrader kwenda Presta. Kama hujui vinageuzwaje, pita kijiweni tukuonyeshe. Hatutozi kwa hilo.